Tulivyomnunulia Baba Zuhura TV Kubwa

Nyie mnaojiandaa kununua TV kubwa, hasa nyie wajukuu mliopanga chumba na sebule juzi na sasa mnaona ukuta mweupe unawazomea, kaeni kitako. Simu wekeni chini. Mie shule niliishia darasa la nne, lakini nimeendesha kibanda umiza hapa Tandika miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu, na bado sijamwona mtu anayenunua TV kwa kutumia akili. Wengi mnanunua ili jirani aone mafundi wakiiingiza.

Kwa asiyejua, kibanda umiza ni banda la mabati na mabenchi, watu wanalipa kiingilio, wanaangalia mpira na mikanda ya video. Unaingia mzima, unatoka mgongo umekufa, shingo imepinda na mbavu zina alama za viwiko vya watu. Mie nilikuwa mwenye banda. Nilikaa mlangoni na ufagio, na anayejua ufagio wangu hakujaribu kuingia bure.

Aliyenifunza kazi ni fundi mmoja wa redio, Mzee Kibwana, Mungu amrehemu. Nilipokwenda naye kununua TV ya kwanza ya banda, chogo moja nyuma kumejaa kama gunia la mkaa, nilisimama mbele yake nikaridhika. Kibwana akaniuliza, "Wateja wako wote watasimama hapo ulipo?"

Nikamwambia hapana, watakaa kwenye mabenchi.

"Haya, kakae."

Akanisogezea ndoo tupu ya rangi kwenye kona ya duka, nyuma kabisa, pembeni ya jokofu. Nikakaa. Niliona mwanga tu, kioo kinang'aa kama sinia lililosuguliwa na mchanga.

"Huyo wa hapo ulipokaa ndiye atakayedai hela yake," akasema. "Ukinunua, mnunulie yeye."

Nikalishika hilo, lakini kushika jambo na kulifanya ni vitu viwili. Kuna msimu nilitaka makubwa. Nikakodi ile mashine inayotupa picha ukutani, na kwa vile ukuta wetu ulikuwa wa mabati yenye kutu, nikatundika shuka jeupe. Siku ya kwanza watu wamejaa hadi mlangoni. Joto. Mie kwa huruma nikawasha feni nyuma ya shuka. Mungu wangu. Yule mchezaji wa kwenye mkanda akavimba shavu, likanywea, likavimba tena. Farasi akawa na mimba. Jamaa mmoja wa benchi la mbele akageuka akaniambia, "Mama, huyu bwana anaumwa jino au anapuliza moto?" Nikazima feni, wakaanza kulalamika joto. Nikawasha feni, wakaanza kucheka. Basi nikawaacha wacheke, na wengine walirudi kesho yake wakaomba mkanda uleule na feni ileile.

Halafu mtu aniambie mie habari za skrini.

Sasa nawaletea Baba Zuhura, mume wangu, maana habari yenyewe ni yake. Mchana alikuwa mbeba mizigo bandarini, jioni alikuwa mtafsiri wa banda langu. Mikanda ya Kichina na ya Kihindi ilikuwa inakuja bila Kiswahili, kwa hiyo mtu anakaa pembeni ya TV na kipaza sauti anawaeleza watu kinachosemwa. Kichina Baba Zuhura hakijui. Kihindi hakijui. Kiingereza alikuwa nacho cha kusomea magunia. Lakini alitafsiri. Kuna mkanda wa Wachina wanaruka juu ya mapaa wakikatana mapanga, yeye akaufanya kesi ya shamba la mikorosho kwao Nachingwea, ndugu wawili wanagombea mpaka, na yule babu wa ndevu nyeupe akawa mwenyekiti wa kijiji. Watu walitoa machozi. Baadaye akaja kijana aliyeuona mkanda huohuo banda la Mtoni, akasimama katikati akasema kule hamna korosho hata moja. Walimtoa nje kwa kumbeba.

Kwenye mpira ndiyo usiseme. Alikuwa anazima sauti ya TV, anatangaza mwenyewe. Wachezaji aliwapa majina ya watu wa mtaani kwetu, na beki akicheza ovyo alimpa jina la mtu aliyeingia bila kulipa.

Banda likafa taratibu simu zilipoingia kila mfuko. Sikulia. Niliuza mabenchi kwa kanisa na mabati kwa mfuga kuku, nikakaa nyumbani. Kilichonitia simanzi kilikuja baadaye. Baba Zuhura alianza kujigonga kwenye milango, na kumimina chai pembeni ya kikombe. Hospitali wakasema presha ya macho. Daktari, binti mpole, akanieleza: "Mama, mzee anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Cha katikati anakipata, cha pembeni hakipo." Dawa za matone zitalinda hicho kilichobaki. Kilichokwenda kimekwenda.

Matone tukayatia. Lakini mzee akanyamaza. Mpira akaacha. Tulikuwa na TV ndogo, na ili aione vizuri ilibidi aiweke puani, na puani napo macho ya uzee hayaoni. Akawa anakaa uani na kikombe chake, ukimsalimia anaitikia, basi. Hamjamjua Baba Zuhura, kwa hiyo hamjui maana ya Baba Zuhura kunyamaza. Mie nimemfokea huyu mwanaume maisha yangu yote apunguze maneno, na sasa nilikuwa naamka asubuhi natafuta la kumchokoza ili anijibu.

Mechi ya watani wa jadi ikawa inakaribia. Mjukuu wangu Nasra, anayepaka watu kucha kule Sinza, akaja na wazo.

"Bibi, tumnunulie babu TV kubwa. Kubwa hasa. Atake asitake ataiona."

Nikaona ni akili. Nikawaza kama yeye: macho yakipungua, ongeza kioo. Nikavaa baibui, tukaenda Temeke kwa Nassoro.

Nassoro ni Mwarabu wa hapahapa, babu yake aliuza taa za chemli, baba yake redio, yeye anauza TV, na mwanawe sijui atauza nini. Tunafahamiana tangu enzi za machogo.

"Shikamoo bi mkubwa. Leo umekuja kunigombeza au kununua?"

"Marahaba. Vyote."

Sasa hapa sikilizeni, maana hii ndiyo faida yenu. Dukani TV zote zinapendeza. Pana giza kidogo, na wanaweka picha za kasuku na maporomoko ya maji, mtu unasimama umeachama. Nikamwambia Nassoro, sie nyumbani hatuna kasuku. Weka mpira. Ukimaliza mpira weka tamthilia ya kwetu, watu weusi wamekaa chumbani taa imezimwa wanapanga fitina. TV ikikuonyesha meno na mboni za macho peke yake, iache hapohapo, hata kama inauzwa na feni ya bure.

Akaweka. Ya kwanza meno. Ya pili meno. Ya tatu nikamwona mwanamke na machozi yake na kitambaa chake cha kichwa. Nikasema hii ije mbele.

Halafu nikamwambia afungue milango yote jua liingie, maana kwangu kuna madirisha. Nikakaa chini sakafuni, nikaegemea katoni.

"Bibi, umeanguka?" Nasra akauliza.

"Nimekaa kwenye mkeka. Kwenu watu wanaangalia TV wamesimama?"

Nusu ya watu wa nyumba zetu wanakaa chini na pembeni. Kuna TV ukiiangalia kwa mbele ni arusi, ukikaa pembeni ni msiba, rangi zote zimekufa. Kwa hiyo kaa chini, kaa kushoto, kaa kulia, na usione haya, hela ni yako. Na inchi wanazokutajia ni za kona kwa kona, si upana. Wengi mnapimia ukuta kwa upana halafu mnakuja kubishana na fundi. Waambie pia wawashe feni, usikie kama maneno bado yanasikika, kwa sababu spika za siku hizi zimekaa nyuma zinaongea na ukuta. Na stabilaiza nunua siku hiyohiyo. Chogo umeme ukilizingua ulikuwa unalipiga kofi linapona. Hizi za sasa ukizipiga kofi unazika.

Nassoro alikuwa anacheka tu. Nasra akaonyesha moja imetanda ukuta mzima, nyembamba kama chapati.

"Hiyo wanachukua sana watu wa Msasani," Nassoro akasema.

"Msasani sebule zao unacheza mpira ndani. Yangu ukinyoosha mguu umegusa ukuta wa pili."

"Sasa bi mkubwa, ya nani hii TV?"

"Ya mzee. Macho."

Akaacha kucheka. Akasema, "Basi chukua kubwa, ile yenye machozi na kitambaa. Ikimkataa, irudishe ikiwa nzima. Wewe nakupa neno langu."

Tukaichukua. Ilivyoingia mtaani hata kuku walisimama. Fundi akaitundika sebuleni, nikamkalisha Baba Zuhura kwenye kochi, mbele kabisa, magoti karibu yaguse ukuta. Nasra akatafuta mpira. Sie wote tumesimama nyuma ya kochi tumebana pumzi kama tunapiga picha.

Mzee akatazama. Akageuza kichwa huku, akageuza huku.

"Mnanionyesha nini?"

"Mpira, babu."

"Mie naona nyasi."

Nasra akasema asubiri, mpira utafika. Ukapita mguu. Yakapita matangazo ya pembeni ya uwanja. Mzee anafuata kwa shingo kama anayetafuta nzi.

"Mama Zuhura," akaniambia kwa upole, na upole wake ndio uliniua, "ni shamba zuri. Lakini mie niache nikakae uani."

Akainuka akapapasa mlango, akaenda. Nasra akakaa kwenye kochi akalia. Mie sikulia, nilizima TV. Nikawaambia kesho inarudi kwa Nassoro.

Asubuhi tukaishusha. Sasa nyumba yetu ni ile ya Kiswahili: korido moja ndefu katikati, mbele mlango wa barazani, nyuma inatokea uani kwenye majiko na choo na kamba za nguo, na vyumba vimepangana huku na huku, vingine vyetu, vingine vya wapangaji. TV tukaiegemeza kwenye benchi mwisho wa korido, karibu na mlango wa mbele, tusubiri gari. Na mie nina desturi ya biashara, kifaa hakirudi dukani bila kuwashwa mbele ya watu, asije mtu kusema mmekiua wenyewe. Nikawaita wapangaji wawe mashahidi. Nasra akavuta waya za king'amuzi kutoka sebuleni, akawasha. Kulikuwa na marudio ya mechi ya jana yake. Mlango wa mbele umefungwa, korido giza, picha imekolea kama mtu yuko mbele yako. Nikasema mmeona wote, nzima, haina ufa. Zima.

Kutoka uani, kule mwisho, kwenye kigoda chake, Baba Zuhura akasema:

"Huyo kipa kasimama vibaya. Watamfunga sasa hivi."

Wakamfunga.

Mama Pendo, mpangaji wangu kutoka Masasi anayeuza maandazi, alikuwa ameshika mwiko hewani. Nasra akageuka taratibu.

"Babu, umesikia redioni?"

"Redio iko wapi hapa? Si huyo mwenye jezi ya kijani. Toka hapo, unaniziba."

Jamani. Nilikwenda mbio, mie na magoti yangu haya. Nikamshika mkono nikamsogeza na kigoda chake ndani ya korido, hatua chache.

"Sasa?"

"Namwona kipa na nguzo moja."

Nikamsogeza tena mbele.

"Sasa?"

"Soksi. Mama Zuhura, unanipeleka wapi?"

Nikamrudisha nyuma hadi kwenye kizingiti cha uani.

"Sasa?"

Akainua kidevu. Halafu akasema, "Uwanja wote. Hadi mashabiki."

Nyie mnaonisikiliza, kunjeni ngumi iwe kama bomba, chungulieni ukuta ulio karibu. Mtaona kipande cha rangi. Sasa tokeni nje, chungulieni nyumba ya ng'ambo ya barabara, mtaiona nzima, na mlango na kuku wake. Ndivyo alivyo Baba Zuhura. Tulimletea kitu kikubwa tukakiweka puani, tukamnyang'anya hata kile kidogo alichonacho. Kubwa lake lilitaka umbali, na umbali katika nyumba yangu uko sehemu moja tu, kwenye korido, tangu barazani hadi uani.

Gari la kurudisha TV lilipofika, Nasra alimwambia dereva kuna mabadiliko, akampa chai na andazi. Fundi akarudi, akaitundika pale mwisho wa korido, juu ya mlango wa mbele. Mie nikashughulika na mwanga, maana kazi hiyo naijua. Jua la uani lilikuwa linapiga kioo kutoka mgongoni kwa mzee, nikatundika turubai zito juu ya mlango wa uani. Korido ikawa kama banda. Nilisimama pale katikati nikacheka peke yangu kama mwendawazimu, Mama Pendo akaniuliza kama nimekunywa dawa zangu.

Likabaki jambo la sauti. TV iko kule, mzee yuko huku, katikati majiko yanaunguruma na jirani kafungulia muziki wa singeli wa kutikisa masufuria. Nasra akasema tununue spika. Nikamwambia asubiri kwanza.

Siku ya mechi ya watani walijaa. Wapangaji walikaa kwenye vizingiti vya vyumba vyao, wengine kwenye mikeka, migongo ukutani, miguu wameikunja, vichwa chini ili mzee aone kwa juu. Mpira ukaanza. Picha inakimbia, maneno hayasikiki. Mpangaji wa chumba cha mbele akalalamika, "Sasa huyo aliyepiga ni nani?"

"Huyo ni Chande muuza mkaa," akasema Baba Zuhura kutoka nyuma. "Kampa shemeji yake. Shemeji anafikiria. Shemeji bado anafikiria. Kanyang'anywa, kama alivyonyang'anywa baiskeli."

Korido nzima ikaanguka kicheko. Na mzee hakunyamaza tena. Sauti ileile ya banda, ya tumboni. Beki mmoja mrefu wa wapinzani akampa jina langu, akasema, "Mama Zuhura amesimama mlangoni na ufagio, hapa hapiti mtu bila tiketi." Nasra alikuwa ananiangalia mie badala ya mpira. Nikamwambia aangalie mbele. Mie nilikuwa nafuta uso kwa ncha ya kanga, na kulikuwa na moshi wa jiko, msinizulie.

Kipindi cha pili, timu yake inapanda. Mzee ameinuka nusu kwenye kigoda. "Chande huyo, kamwacha wa kwanza, kamwacha wa pili, anamtazama kipa, kipa anamtazama yeye, Chande anainua mguu—"

Mlango wa katikati ukafunguka, Mama Pendo akatoka na karai la unga kwapani, akasimama katikati ya korido anatafuta ndala.

Mzee akakata. "Umeme umekatika?"

Huko mbele walioona wakaruka wakapiga kelele. Huku nyuma sie tumeona gauni.

"Mama Pendo," mpangaji mmoja akasema, "unauza maandazi au unauza mgongo?"

"Mafuta yangu yako motoni uani," Mama Pendo akamjibu. "Nyumba ikiungua mtaangalia mpira wapi?"

"Kafunga nani?" mzee akawa anauliza, mikono mbele, anapapasa hewa. "Mama Zuhura, kafunga nani?"

Nikasema Chande. Akakaa chini. Akacheka mwenyewe, lakini bao la watani hakuliona, na macho yale hayana mabao mengi ya kupoteza.

Nikasimama. Nikawaambia hivi, na ndivyo ilivyo nyumbani kwangu mpaka leo: "Mpira ukianza, korido hii si njia. Anayekwenda chooni azunguke nje, kichochoroni. Mwenye mafuta motoni azunguke mbio. Mgeni aliyeleta pilau azunguke na sinia lake. Mwenye uchungu wa kuzaa atambae, na kichwa akiinamishe. Na mkizunguka, zungukeni kimya. Humu ndani anayetangaza ni mmoja."